Barua ya Kibarua wa Dameski

Damascus, Virginia
Mwishoni mwa Mei 2025

Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Na wale wadogo wanaosubiri barua iishe ili wajue kama kuna kilichotumwa, marahaba.

Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyumbani. Nikisema mzima nahesabu kuanzia utosini, upande wa kulia mpaka unyayoni, upande wa kushoto mpaka kwenye goti. Hapo kwenye salio ndipo penye habari.

Dada, najua wewe ndiye unayesoma kwa sauti, maana Mjomba hupoteza miwani kila karatasi inapozidi ukurasa mmoja. Mahali nilipoandika "ruka", ruka. Usikohoe, usicheke. Ruka tu.

Kwanza niondoe uvumi. Nasikia Mama alimwambia Mchungaji kwamba mwanawe yuko Dameski na ameanguka njiani, na Jumapili iliyofuata usharika mzima ukasimama kuniombea niokolewe na vita vya Syria. Nawashukuru sana, na Syria waendelee kuiombea, ila mimi niko Damascus ya jimbo la Virginia, Marekani. Ni mji wa watu wasiofika elfu moja na barabara kuu moja. Zamani uliitwa Mock's Mill. Halafu akaja John Imboden, jenerali wa zamani wa jeshi la majimbo ya Kusini, lile lililoshindwa, akaamini milima hii imejaa chuma, na mji ukapata jina la Dameski yenye sifa ya mapanga. Alifia hapa hapa mwaka 1895. Chuma chenyewe hakikuwa kingi hivyo. Kwa hiyo nalala katika mji wa mtu aliyefika na mipango mikubwa kuliko mfuko, na sijisikii mgeni hata kidogo.

Kuhusu kuanguka, Mama hakukosea. Nilianguka njiani kwenda Dameski kama Sauli. Tofauti ni kwamba yeye aliangushwa na nuru kutoka mbinguni, mimi nilikuwa najipiga picha.

Kwa wale ambao hawajaelewa mpaka leo ninachofanya (Mjomba, nakutazama wewe), kuna njia ya miguu huku inaitwa Appalachian Trail. Inaanzia mlima Springer, Georgia, inafuata mgongo wa milima kupita majimbo 14, inaishia kilele cha Katahdin, Maine. Ni kama kilomita 3,500. Ilikamilika mwaka 1937. Haiendi sokoni. Haiendi shambani wala hospitali. Kuna mahali ingeweza kuuzunguka mlima kwa dakika kumi, lakini inaupanda, inafika juu, hakuna kitu, inashuka. Alama zake ni mistatili ya rangi nyeupe, upana inchi mbili, urefu inchi sita, imepakwa kwenye miti, na watu wazima wenye digrii zao huacha kazi wakaifuata miezi mitano au sita kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi. Katika wanne wanaoanza, anayefika mwisho ni kama mmoja.

Mjomba alipoelezwa haya aliuliza maswali matatu. Mzigo anabeba nani? Mimi. Kilo ngapi? Kumi na sita. Unalipwa na nani? Hapo nikanyamaza, naye akakata simu, na baadaye nikasikia ametangaza kwenye matanga ya jirani kwamba mtoto wa dada yake amekwenda Marekani kuwa mpagazi wa bure. Mtu aliyepanda Kilimanjaro miaka 22 na mizigo ya wageni kichwani, akipimiwa begi langoni Machame lisizidi kilo 20, ana haki ya kusema hivyo. Hata nilipomtumia picha kutoka Kuwohi, mahali pa juu kuliko pote katika njia hii, aliuliza ni meta ngapi. Nikasema 2,025. Akajibu kwa sauti ya huruma kabisa: "Hapo kwetu wageni hawajafika hata kambi ya kwanza. Bado wanapakana mafuta ya jua."

Wazo lenyewe halikuwa langu. Mnajua kule Maryland nilikuwa natunza wazee, zamu ya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekwisha kusahau majina ya watoto wake, na mimi aliniita kwa jina la kaka yake marehemu. Lakini vibanda vya kulala vya njia hii alivitaja kwa mpangilio, kutoka Georgia mpaka Maine, na kila kimoja alisema chemchemi iko upande gani na kama hukauka Agosti. Aliipita ujanani. Saa tisa ya usiku mimi nimeshika beseni, yeye ananitembeza Tennessee. Alipofariki nilijikuta naijua njia ambayo sijaikanyaga, kama bibi zetu walivyozijua Tenzi zote bila kujua kusoma. Nikadunduliza, nikarudisha chumba, kibarua changu nikakiotesha nyasi kwa mikono yangu mwenyewe, na Machi nikaanza.

Mama, wewe uliuliza ni mtu mwenye akili gani anayefanya hivyo. Nikakueleza habari za Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11, ambaye mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliwaambia wanawe kwamba anakwenda kutembea, akaimaliza yote peke yake kwa raba za kawaida, mfuko aliojishonea mwenyewe begani na pazia la bafuni la kujikinga na mvua. Ukanyamaza kidogo. Kisha ukasema: "Watoto kumi na mmoja? Hata mimi ningeondoka."

Basi nilitembea siku 46, kilomita 750 na ushei, sikuanguka hata mara moja. Si kwenye theluji ya Georgia, si kwenye matope ya North Carolina. Kilomita tano hivi kabla ya mji huu kuna kibao cha mbao msituni, kinaonyesha mpaka wa Tennessee na Virginia. Nikasema hii lazima ifike kwenye kikundi cha ukoo leo leo. Nikanyoosha mkono na simu, nikarudi nyuma hatua moja ili kibao kiingie chote, nikarudi ya pili, ya tatu ikakuta mzizi. Mguu ukabaki Tennessee, mimi nikaenda Virginia. Picha ninayo. Inaonyesha majani, mawingu, na sehemu ya sikio langu.

Waliokuwa nyuma yangu, vijana wawili na mama mmoja wa makamo, walikuja mbio. Wakaniuliza: uko sawa? Mimi niko chini, kifundo kimeanza kujaa kama andazi kwenye mafuta, naulizwa kama niko sawa. Jambo hili limenisumbua muda mrefu. Kiingereza hakina pole. Ukianguka huku hupewi neno, unapewa swali, na swali lazima ulijibu, na jibu lazima liwe ndiyo, ili aliyeuliza apate amani. Mimi tangu Georgia nilikuwa nawaambia watu pole bila kujua: aliyejikwaa pole, aliyelowa pole, aliyepoteza kijiko pole. Sasa kwenye njia hii kila mtu hupewa jina na wenzake, na ukilikataa linakuganda zaidi. Langu likawa hilo. Naitwa Pole. Walionisikia wanalitamka vizuri. Wanaoliona tu kwenye madaftari ya vibandani wanalisoma Kiingereza, wakadhani naitwa Mlingoti, na wakikutana na urefu wangu wanatikisa kichwa kwamba kweli, limefaa.

Yule mama alinifunga kifundo kwa kitambaa, vijana wakagawana shanta langu, na nikaingia Dameski nimeshikwa mkono, hatua kwa hatua, kama ilivyoandikwa. Njia hapa inatoka msituni na kupita katikati ya mji. Zile alama nyeupe zinahama kutoka kwenye miti na kupakwa kwenye nguzo za barabarani. Moja iko mbele ya dirisha langu. Nikiamka naiona kabla sijauona mguu.

Kliniki walipiga picha, wakakuta ufa mdogo kwenye mfupa wa nje wa kifundo, na kano zimevutika. Nimevalishwa kiatu cha plastiki kinachofika chini ya goti, kina mikanda minne na kinafanana na kitu cha mtu anayekwenda mwezini. Wiki sita. Shangazi, majani ya mbarika ya kukanda niliyaulizia kama ulivyoagiza. Daktari akaandika neno kwenye kompyuta, akanitazama, akalifuta.

Dada, aya hii ruka. Bili ilifika kabla uvimbe haujashuka. Nimepatana nao nilipe kidogo kidogo, na kwa hesabu yangu tutaachana mwaka 2028. Mama asijue. Haya, endelea kusoma.

Sasa fikirini. Mtu hana kazi, hana chumba, ana mguu mmoja na robo tatu, na yuko katika mji ambao ukipiga chafya upande wa mashariki upande wa magharibi wanakutakia afya. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili jioni akionyeshe alipwe. Nikatoka na magongo yangu kutafuta kikaratasi.

Nilianzia kwa wakodisha baiskeli. Mji huu ulikuwa ukila kwa baiskeli. Kuna reli ya zamani iliyong'olewa ikawa njia, kilomita 55 kutoka Abingdon, kupitia hapa, mpaka Whitetop juu mlimani, na biashara yenyewe ilikuwa kuwapandisha wageni kwa gari mpaka Whitetop halafu wateremke kwa baiskeli wakiwa wamekaa tu. Mjomba, hao ndio Wamarekani wenye akili. Lakini Septemba 2024 kimbunga Helene kilifurisha mito, kikazoa madaraja ya kule juu, na nusu hiyo ikafungwa. Mwenye duka alinitazama mguu, nikamtazama baiskeli zake zilizojipanga ukutani kama ng'ombe wasio na malisho, tukaelewana bila maneno mengi. Alinipa chai. Yeye ndiye aliyehitaji pole siku ile, na nikampa. Akauliza maana yake, nikamweleza, akasema neno hilo lingemfaa sana tangu Septemba.

Kwenye mgahawa wa piza nilipata usiku mmoja wa kuosha vyombo. Kwa kuwa sitakiwi kusimama, walinipa kiti. Kiti kilikuwa na magurudumu. Kila nikisugua sahani kwa nguvu, mimi ndiye ninayeondoka. Saa mbili usiku nilisukuma sinia la oveni nikajikuta nimefika kwenye mlango wa friji, sinia limebaki kwenye sinki. Walinilipa kwa heshima wakanipa na piza nzima, ambayo ni namna ya kusema usirudi.

Duka moja la mji wa jirani lilitaka nijaze fomu kwenye intaneti. Maswali yalikuwa mengi kuliko ya ubatizo na kipaimara kwa pamoja. Je, ukimwona mwenzako anaiba utafanya nini? Je, wewe ni mtu wa furaha siku zote, mara nyingi, au mara chache? Nikajibu mara nyingi. Hawakunijibu.

Kazi ilinipata barazani. Nyumba ninayolala ni ya mama mmoja mjane, miaka yake imepita sabini na sauti yake inaweza kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Ana vitanda ishirini vya wasafiri wa miguu. Mimi nilikuwa nimelipia siku tatu na ya nne nimeshaanza kuila kwa deni. Alinikuta nimekaa chini ya kamba nakunja shuka zake, si kwa wema, mikono tu ilikuwa imekosa kazi. Shuka lenyewe lilikuwa lile lenye lastiki pembe zote nne, ambalo watu wengi hulizungusha kama kilemba wakalitupa kabatini. Mimi nimetandika vitanda vya wazee miaka minne. Unaingiza mikono kwenye pembe mbili, unazikutanisha, ya kulia inaivaa ya kushoto kama kofia, unafuata ya tatu na ya nne, unalaza mezani, unakunja mara tatu. Likatoka kama bahasha. Alilichukua, akaligeuza, akalifungua, akanipa tena nilikunje mbele yake. Hakuuliza cheti.

Makubaliano ni haya. Saa za asubuhi nafanya kwa ajili ya kitanda na chakula. Zinazozidi analipa kima cha chini cha Virginia, ambacho mwaka huu wa 2025 ni dola 12 na senti 41 kwa saa. Mjomba, weka hiyo kalamu chini. Najua umeanza kuzidisha. Ukizidisha, gawa na bei ya kinyozi wa huku, utaona mwenyewe kwa nini nywele zangu ziko hivyo kwenye picha.

Kazi kubwa ni kufua, maana mbele ya mashine naweza kukaa. Sasa harufu. Mnalikumbuka lile beberu la jirani, msimu wake ukifika? Lifikirie limevaa soksi zilizolowa siku tisa, halafu limekuja kwako linatabasamu na kuuliza kama kuna kahawa. Ndio wageni wangu. Kila mmoja ana nguo alizovaa na labda nguo moja ya kulalia, kwa hiyo ukizichukua zote kuzifua, mtu hana cha kuvaa. Hapo ndipo linapotoka sanduku. Nyumba nyingi za wasafiri zina sanduku la nguo za kuazima, na la hapa nilipolifungua mara ya kwanza machozi yalinilenga: ni belo la soko la Memorial kabisa, ila halijafika Moshi. Mashati ya maua ya Hawaii, sare za manesi, magauni ya sherehe za shule ya mwaka arobaini na saba. Juzi jioni barazani kulikuwa na mhandisi mstaafu mwenye ndevu mpaka kifuani amevaa gauni la hariri la rangi ya zambarau, amekunja nne, anaeleza mambo ya riba za benki, na hakuna aliyemshangaa. Nilimwambia kwetu gauni hilo lingekuwa grade A. Akauliza bei. Nikamtajia, akasema nimemheshimu.

Lakini kazi iliyonipa jina ni ya mizani. Barazani kuna mizani ya ndoano, kama ile tuliyopimia kahawa chama cha msingi, na kila anayefika hutundika shanta lake aone kilo. Wasafiri hawa wana dini ya uzito. Wapo wanaokata mpini wa mswaki ili kupunguza gramu. Huyo huyo aliyekata mswaki utamkuta amebeba gitaa dogo. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu namba. Siku moja kijana akatundika kilo 23, akaniuliza nifanyeje, na kabla sijafikiri nikajisikia natoa sauti ya Mjomba: kizito kikae karibu na mgongo, juu ya kiuno; cha kunywa kiwe mkono unapofika bila kuvua; kitu ulichosema "huenda nikakihitaji" kiache hapa. Alitoa vitu nusu saa. Shoka dogo. Jinzi mbili. Sufuria yenye mfuniko wa kioo! Nikamwambia mjomba wangu amebeba miaka 22 juu ya mlima wa meta 5,895 na hajawahi kukuta mfuniko wa kioo wa mteja aliyefika kileleni. Kijana akaandika kwenye daftari.

Tangu siku hiyo wananiuliza: mjomba wako anasemaje kuhusu viatu? Anasemaje kuhusu kushuka? Kuna mwanamke alitaka kujua Mjomba anasemaje kuhusu ndoa. Mjomba, umekuwa profesa Virginia, na hujui. Mengine nimekusingizia, naomba radhi, lakini yote yalikuwa na sauti yako.

Sanjari na mizani kuna gari. Mtu akichoka na mzigo hulipa, shanta lake likapanda gari mpaka mahali atakapolala au barabara atakayoivuka, yeye akatembea na chupa ya maji tu. Dereva alikuwa mtoto wa mama mwenye nyumba, akapata kazi mji mwingine. Gari ni otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi ndani yake, na daktari alisema sawa. Kwa hiyo kila asubuhi napakia mashanta saba au nane, napanda kona za mlima polepole, nayapanga chini ya mti kwa mstari, nasubiri wenyewe. Wanapotokea msituni na kuyaona, wengine huyapapasa kama wamekutana na ndugu. Wananipa bakshishi. Mjomba, umesikia? Mzigo, mlima, mgeni, bakshishi. Nimezunguka dunia kuja kurithi kazi yako. Uliposikia ulicheka mpaka simu ikakata, na nadhani ulikuwa unalia kidogo, ila wewe utasema ni mtandao.

Chakula sasa, kabla Shangazi hajauliza. Huku Kusini unga wa mahindi upo dukani, mweupe kabisa, nikaruka kwa furaha kwa mguu mmoja. Nikawaambia wote leo mtakula ugali. Maji yakachemka, nikatia unga, nikaanza kusonga. Ugali ukaanza kupanda. Nikaukandamiza, ukapanda tena. Ukatoa mapovu ukahema kama mtu aliyelala. Kumbe unga mwingi wa huku huuzwa umekwisha kutiwa hamira ya unga na chumvi, kwa ajili ya mikate yao. Ulipoiva ulikuwa mwepesi kama sponji na ulikuwa na maoni yake. Nikaona aibu, nikataka kuumwaga. Wale wasafiri wakaumaliza wote, wakakomba sufuria, wakaniuliza kama ndivyo unavyopikwa Afrika yote. Mtu aliyetembea kilomita 750 anakula chochote, hivyo usihesabu hiyo kuwa sifa, lakini sikuwasahihisha. Mama, sasa nasoma pakiti kabla ya kununua.

Katikati ya Mei ndipo mji ulipofurika. Kuna sikukuu ya wasafiri wa miguu inaitwa Trail Days, ilianza mwaka 1987, na mji wa watu wasiofika elfu unapokea maelfu. Mahema yamejaa uwanjani, nguo za kufua zimefika darini. Kilele ni maandamano ya wasafiri barabara kuu, na desturi ni kwamba wenyeji na watoto wao husimama kando na bunduki za maji na maputo yaliyojaa maji wakawalowesha wanaopita, nao wasafiri wana zao. Ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ila badala ya migomba ni maji. Sikuweza kuandamana, kwa hiyo nilipangiwa kuendesha gari letu nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Kioo cha upande wangu hakipandi tangu Februari. Watoto wa mji mzima walikuwa wanalijua hilo. Bibi mmoja wa kanisani, ambaye kila Jumapili hunikumbatia na kuuliza habari za mama yangu, alinyanyuka kwenye kiti chake na ndoo.

Wiki mbili na ushei zimebaki nivue kiatu hiki. Nimepiga hesabu: kilomita 2,700 na zaidi bado ziko mbele, na Katahdin hufungwa katikati ya Oktoba kwa sababu ya baridi. Nikitoka hapa nikiwa nachechemea, nitafika Maine nikute geti. Kwa hiyo wenyeji wananishauri nipande basi mpaka Maine, nianze kileleni kule wakati wa jua, nishuke kusini kurudi huku. Mtindo huo Kiingereza chao wanauita kwa neno lile lile la ndala. Kwa hiyo, Mama, ukiulizwa kanisani, sema mwanao anamalizia ndala, nao waelewe watakavyoelewa. Nikishuka hivyo, mwisho wa safari yangu utakuwa hapa hapa, kwenye kile kibao. Kuna watu wameshaniambia watakuja kusimama nyuma yangu wakati wa picha, ili pasiwe na pa kurudi.

Jana Mjomba alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu na nusu ni maelekezo ya kushuka: magoti yalegee, usitue kisigino, fimbo itangulie, macho yasiwe kwenye simu. Mwishoni akauliza: hao ambao mizigo yao unawabebea kwa gari, wakifika mwisho, wanahesabiwa wametembea?

Niliwapelekea swali barazani baada ya chakula, nikidhani ni la dakika moja. Saa nne usiku walikuwa bado hawajaelewana. Wapo waliosema miguu ndiyo inayotembea, shanta ni abiria. Wapo waliosema basi hata mtu akibebwa na punda ametembea. Mhandisi alisimama juu ya benchi na gauni lake akataka kura ipigwe, mwenye gitaa akakasirika akaenda kulala, na mama mwenye nyumba akazima taa tukiwa wote bado tunaongea. Mjomba, jibu halijapatikana. Wanasema useme wewe kwanza, na watakufuata.

Naishia hapa. Kuna mtu anaingia getini, shanta limemzidi kichwa na ubavuni amefunga kiti cha kukunja. Anasema ni kilo kumi na mbili tu. Naenda kumwonyesha mizani.

Ndimi mwanenu,
Pole